Dawa ya Shufaa

Siku hizi dawa haitoki mpaka Tabibu akubali, na Tabibu ni sauti iliyomo ukutani jikoni, kila nyumba na yake.

"Mwanangu hali chakula," nilimwambia. "Anataka misuli ionekane. Fizi zinamtoka damu, mwili umejaa madoa meusi, na giza likiingia haoni, anajigonga milangoni."

"Pole sana, mama," alinijibu kwa upole. "Amepungukiwa vitamini kwa kujinyima chakula. Natuma dawa sasa hivi. Jina la mgonjwa?"

"Shafii."

"Samahani, uliposema mwanangu nilidhani ni binti. Vijana wa kiume hawaugui ugonjwa huo wa kujinyima chakula. Shafii anafanya mazoezi tu. Hongera, mama."

Hongera! Mtoto nimemzaa mimi, namwona akitema damu kila akipiga mswaki, halafu ukuta unanipa hongera? Nikautupia mwiko. Ukadunda, ukaangukia kwenye sufuria ya wali ambao Shafii hakuugusa.

Nikajifunga kanga, nikaenda kwa jirani yangu Bi Riziki, nikasimama mbele ya Tabibu wake. Nikamweleza yale yale, neno kwa neno.

"Jina la mgonjwa?"

"Shufaa."

Dawa ikafika kabla chai ya Bi Riziki haijapoa.

Nyumbani, Shafii aliisogeza chupa karibu kabisa na macho.

"Mama, Shufaa ni nani?"

"Ni yule mwanangu anayeruhusiwa kuugua," nikamwambia. "Wewe meza."