Matokeo ya Jumapili

"Tatu bila," Obura alisema akiwa mlangoni, kabla hata hajavua kofia yake ya ugadi.

Kitandani, Masinde alifumba macho. "Na golikipa alikuwa wapi?"

"Wanyoike? Alikuwepo, omera. Aliusindikiza mpira kwa macho mpaka wavuni, kama mgeni anayerudi kwao."

Masinde akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka maumivu, na Naliaka, mkewe, akamshika mabega mpaka yakapita.

Ndivyo ilivyokuwa kila Jumapili jioni, mwaka ule wa hamsini na tano, katika kistesheni cha juu ya Molo. Gari la mizigo kutoka Nakuru lilisimama ili injini inywe maji, na kwa dakika hizo ishirini Obura, gadi aliyesimamia gari hilo, alikimbia hadi kwa rafiki yake, waliyeitana omera, yaani ndugu kwa Kijaluo, kumpa matokeo ya Jumamosi. Kistesheni chenyewe kilikuwa na watu sita na mbuzi mmoja, na wote, mbuzi akiwemo, hawakujali mpira. Bila Obura, Masinde asingepata habari.

Timu iliitwa Nyundo, ya vijana wa landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, kule Nakuru. Jina zuri, lakini Nyundo hiyo ilikuwa msumari: kila aliyepita aliigonga. Masinde aliishangilia miaka kumi na saba. Aliipotezea sauti, kofia mbili, na jino moja lililobaki uwanjani Naivasha. Walishinda mara moja tu, mwaka vita vya Hitler vilipoisha, na hata siku hiyo wapinzani walikuwa wamefika saba tu.

Halafu, mwezi wa pili mwaka uliopita, akiwa kazini kugeuza njia za reli, behewa likambana kiunoni. Daktari alisema hatamaliza wiki mbili.

"Wiki mbili za nini?" Masinde alisema. "Mimi sifi kabla Nyundo hawajashinda."

Watu walicheka sana. Miezi kumi na sita baadaye hakuna aliyecheka. Mwili ulikuwa umekwisha, vidonda vya mgongo vimefika mfupani, na bado alishikilia. Siku za wiki alilia kama mtoto. Jumapili aliomba kunyolewa ndevu, akangoja.

Jioni hiyo ya tatu bila, Naliaka alimfuata Obura nje, mvuani.

"Shemeji, mwambie wameshinda."

"Hawajashinda."

"Najua hawajashinda. Hao hata wakicheza na miti watapigwa. Wewe sema tu."

"Nimdanganye Masinde?" Obura aliinamia viatu vyake. "Shemeji, siku nitakayosema wameshinda, wewe utakuwa mjane."

"Mimi ni mjane tangu mwaka jana. Kilichobaki humo ndani ni maumivu, yanangoja mpira. Mfungulie aende."

Injini ikapiga honi. Obura akaondoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata hakukimbia. Alikuja akitembea, akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mbili kwa moja," akasema. "Sisi."

Masinde alimtazama. "Kumbe hata wewe umechoka, omera."

"Sikiliza kwanza, bwana."

Jumapili nyingine zote Obura alisimulia kwa mbwembwe, akirusha miguu mpaka kuku wakimbie. Siku hiyo alisimulia polepole, kama mtu anayesoma barua aliyotembea nayo mfukoni. Nyundo walianza kwa kufungwa, kama kawaida. Kisha wakasawazisha kwa kichwa. La pili alilipiga Shariff, yule wa Bondeni, kiatu kimoja mguuni, kingine kimemezwa na matope. Wanyoike akadaka penalti, akaukumbatia mpira, akakataa kuuachia. Akina mama wa landi wakaingia uwanjani na masufuria, wakipiga kwa miiko.

Masinde alikuwa akilia bila sauti. "Na filimbi ya mwisho?"

Obura akachukua kofia yake. "Ikapigwa."

"Basi," alisema Masinde. "Basi, ndugu yangu."

Jumatatu, kabla gari la asubuhi halijapita, Naliaka alimfumba macho.

Alimzika kwao Kimilili. Mwezi ukapita, ikabidi ateremke Nakuru kurudisha ufunguo wa nyumba ya reli. Alishuka stesheni na jogoo mwekundu kwapani. Kwao, jema kubwa halishukuriwi kwa mdomo mtupu, linapelekewa kuku. Wale vijana walimsumbua mumewe miaka kumi na saba, lakini mwishoni walimwachilia, na alitaka wajue. Akauliza njia hadi uwanja wa Nyundo.

Akakuta waya wa miba. Nyuma ya waya kulikuwa na mahema, na wanaume waliochuchumaa kwa mistari, mikono kichwani.

"Mama, rudi nyuma!" askari wa langoni alipaza sauti. "Huyo jogoo ni wa nani?"

"Wa watu wa mpira. Wa ule ushindi wa mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita?" Askari alimkodolea macho, kisha akaegemeza bunduki begani. "Mama, hapa mpira wa mwisho ulichezwa Pasaka ya mwaka jana. Na haukuisha. Tuliingia na malori katikati ya mchezo, kwa msako wa Hali ya Hatari, tukazoa karibu timu nzima."

Akatazama pembeni, akashusha sauti.

"Tungewaachia hata dakika kumi. Nyundo walikuwa mbele, mbili kwa moja."