Aliyesimama Kipindi cha Dini

Adeltruda alikuwa amesinzia. Feliksa, jirani yake wa dawati, alipomfinya, aliinuka upesi, maana anayesinzia darasani adhabu yake ni kusimama.

Darasa zima likapiga makofi.

"Miaka saba nauliza nani ana wito wa utawa," alisema Sista Emerensia, machozi yakimlengalenga, "na leo mmoja amesimama!"

"Mwambie ulikuwa umelala, we!" Feliksa alinong'ona. "La sivyo huolewi."

"Sista, mimi..."

"Najua, binti yangu. Hata mimi siku ile sauti ilinikauka."

Sista alivua msalaba wake wa mti, ungali na joto la kifua chake, akamvika, akaanza kuufupisha uzi. Adeltruda aliinua kidevu asibanwe, naye Sista akakaza fundo la pili.