Mashine Zilizopitwa na Wakati

Punje ya kahawa aliyokuwa akiitafuna Jovitha tangu asubuhi ilikuwa imebaki makapi matupu mdomoni.

Programu aliyoiandika ya kuendesha mizani ya kahawa ilitegemea programu nyingine ya mafundi wa ng'ambo. Juzi waliibadilisha programu yao, na sasa ya Jovitha haiwaki kwenye kompyuta za zamani. Alipowaandikia kulalamika, wakamjibu, "Mashine hizo zimepitwa na wakati. Nunueni mpya."

Alisonya. Wanadhani kompyuta zinaota kama migomba?

Akarekebisha huku, kukaharibika kule. Mwishowe akachoka, akaanza kufuta katika programu yake sehemu zote zinazohudumia kompyuta za zamani. Hapo simu ikaita. Alikuwa karani wa mizani ya kahawa, kule Kimwani.

"Dada, mizani haisomi. Wakulima wamejaa hapa, na mvua inakuja."

"Mashine yenu imepitwa na wakati," Jovitha akafoka. "Nunueni mpya!"

Kwenye simu yakasikika magunia yakiburutwa, kisha mvua ikapiga bati.

"Sawa, dada. Ngoja niwaambie."

Makapi yakamkwama Jovitha kooni. Akayatema kiganjani.

"Usiwaambie," akasema, akaanza kurudisha alichokuwa amekifuta.