Majina Sita na Chafya Moja

Kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, Mzee Sitonik alizuia chafya. Chafya iliyokuwa ikingojewa ndani ya nyumba ile haikuwa yake.

Ilikuwa ya mtoto. Rebeccah, mke wa mjukuu wake, alikuwa amejifungua, na wanawake walikuwa wakiita majina ya watu wa ukoo waliokwisha kufariki. Jina ambalo mtoto angelipigia chafya ndilo lingekuwa lake, maana mwenye jina hilo ndiye aliyerudi katika mtoto. Mtu mwingine akipiga chafya hapo karibu, wanawake wangeweza kukosea, na mtoto angebeba jina lisilo lake mpaka kaburini kwa sababu ya pua ya mzee mmoja.

Na mzee alijijua. Alikuwa ameharibu shughuli nyingi. Siku ya kuposa alishikwa na kwikwi mbele ya wakwe, ikabidi kaka yake Kipchirchir amsemee. Siku ya kubatizwa aliangua kicheko maji yalipomwingia sikioni. Safari hii aliapa hataharibu kitu.

Haikuwa rahisi. Tangu ugonjwa ule wa mvua ndefu ya 1956, mwili ulikuwa umemwacha. Miguu haikumbeba. Meno hakuwa nayo hata moja. Akitaka kusema, sauti ilitoka lakini maneno yalikataa. Macho yaliona mwanga wa mlangoni na vivuli tu. Wanawake walikuwa wamemwosha kwa maji ya vuguvugu na kumfunga blanketi hadi kidevuni, naye akaona aibu, kisha akaona raha, kisha akaionea aibu ile raha.

Jambo moja lilimpa fahari. Wanaume hawaruhusiwi katika nyumba ya mzazi. Wanawe wote walikuwa nje kwenye nyasi, wakibishana kama kweli serikali itawaacha wapande chai. Yeye hakuna aliyemfukuza. Uzee una heshima yake, alijiambia.

Aliyeita majina ni Chemutai, binti yake mkubwa. Yunia, jirani, mke wa mwalimu wa kanisa, alikuwa ametangaza tangu mwanzo kwamba yeye haamini mambo hayo. Ndiye aliyeshika ugoro wa kumtekenya mtoto pua apige chafya.

Chemutai aliita Kipchirchir. Ugoro ulinukia kana kwamba umewekwa chini ya pua ya mzee mwenyewe. Akabana pumzi, huku akimhurumia mtoto atakayeitwa jina la kaka yake. Chafya haikuja.

"Huyo hawezi kuja," Yunia alisema. "Alienda Mulot kutafuta ndama wake, na mpaka leo anamtafuta."

Rebeccah alicheka, kisha akamwomba anyamaze, kwa sababu kucheka kulimuumiza tumbo.

Yakaitwa majina mengine manne. Mtoto hakupiga chafya, wala hakulia. Mzee alimsifu kimoyomoyo kwa utulivu wake.

Ndipo Chemutai aliposema amebaki mmoja tu, wa karibu mno, na kwamba huyo hataitwa hivihivi, lazima asifiwe kwanza. Akaanza kusimulia.

Alikuwako mtu, alisema, ambaye siku gari la moshi lilipofika Fort Ternan kwa mara ya kwanza, vijana wote wakikimbia, yeye alichomeka mkuki wake katikati ya reli akalingojea. Mzee alishangaa. Yeye pia alikuwako Fort Ternan siku ile, ila alikuwa akikimbia, na kilichobaki ni mkuki. Lazima walipishana njiani.

Mtu huyo, Chemutai aliendelea, alijenga kinu cha maji karibu na Sigor bila kufundishwa na mtu, akawasagia majirani mahindi. Mzee aliona wivu. Kinu chake yeye kilisaga siku moja, na siku ya pili kikaenda na mto. Laiti angalimfahamu mtu huyo mapema, angalimwomba ushauri.

Tena hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Watu wakigombania mpaka wa shamba, alifumba macho akawaza mpaka jua likageuka, kisha akawaambia waende wakafikiri, nao wakapatana. Hapo mzee alikumbuka kwamba yeye, kwenye mabaraza, alikuwa akisinzia. Walipomwamsha aliwaambia watu vivyo hivyo waende wakafikiri, kwa kuwa kesi yenyewe hakuwa ameisikia. Akastaajabu jinsi neno moja linavyoweza kutoka katika vichwa viwili tofauti namna ile.

Sauti ya Chemutai ikapungua.

"Nilipoungua mguu nikiwa mtoto, alinibeba mgongoni siku mbili mpaka kwa daktari Kericho. Aliniimbia njia nzima. Na kuimba alikuwa hajui kabisa."

Mzee aliacha kuwaza. Wimbo ule aliukumbuka, na mahali alipokuwa akiukosea.

"Sitonik," Chemutai aliita. "Arap Sitonik. Baba, rudi."

Hilo lilikuwa kosa kubwa. Hapa wanaitwa waliofariki, na yeye yupo, amefungwa blanketi, anasikia kila neno. Alifungua kinywa ili amsahihishe binti yake, taratibu, asimwaibishe mbele ya wageni. Badala ya neno, ikatoka chafya.

Akafumba macho. Basi, na shughuli hii imeharibika. Akangoja kukemewa.

Vigelegele vikajaa nyumba, na Yunia, asiyeamini mambo hayo, ndiye aliyeanza. Kisha Chemutai akamnyanyua mzee kwa mkono mmoja, akampangusa pua kwa kidole, akampa Rebeccah amnyonyeshe.