Sombe Yenye Kinyomoro

Sufuria la kumi na moja lilikuwa na chumvi nyingi. Védastine alimeza, akapangusa kijiko kwenye pindo la kitenge, akaenda kwenye la kumi na mbili.

Kilikuwa kijiko cha bati, cha mtoto, mpini umepinda. Kwenye tamasha la kiangazi la Kamembe kila mtu huja na kijiko chake, na hakuna wa kukuuliza ukionja. Lakini watu huonja wakicheka. Huzunguka, husimama kwenye vikapu na picha za samadi ziitwazo imigongo, hula sambaza za kukaanga, vidagaa vya ziwani, hurudi kwenye ngoma. Huyu hakutazama kikapu wala picha. Alionja sombe tu, kisamvu cha kwetu.

"Maman, unaonja kama ni weye utatoa prix ya mupishi muzuri," alimtania Twahiru, aliyeleta wali wake kutoka Bugarama. "Kuja onja na muchele yangu."

"Uko na sombe?"

"Sombe haiko."

Akapita. Twahiru akamwambia jirani yake kwa sauti ya chini, "Muache. Iko natafuta muntu wake. Kila kiangazi banakuja hapa, bantu ba vile."

Ni kweli, huja. Hadithi yenyewe unaijua, hapa kwetu kila mlima una ya kwake. Novemba tisini na sita, watu wanarudi Rwanda kutoka Bukavu kwa maelfu, daraja la Ruzizi limejaa, nyuma risasi. Mkono wa mama unateleza. Mtoto wa miaka minne anachukuliwa na umati. Baadaye picha za watoto waliopotea zilibandikwa ukutani, na akina mama wakazipitia moja moja kwa vidole. Picha ya huyu haikuwapo. Hakuna aliyempeleka kupigwa picha.

Kilichobaki ni ladha. Nyumbani kwao mtoto huyo sombe ilitiwa kinyomoro, lile tunda jekundu chachu, likiwa limechomwa kwanza kwenye majivu na ganda lake. Nani anatia tunda kwenye sombe? Waulize wapishi wa Kamembe, watakucheka mpaka jioni. Basi anayefanya hivyo ni mmoja tu, na kama yuko hai, siku moja atakuja kupika mbele za watu. Védastine, mshonaji wa pale sokoni, aliyekulia Bukavu na kurudi mwaka ule ule wa daraja, alikuwa ameijaribu sombe hiyo jikoni kwake miaka sita. Haikumtoka sawa hata mara moja.

La kumi na mbili, hapana. La kumi na tatu, karanga tupu. Kila alipoikosa alishusha pumzi, akashika kifua, akaendelea. Muda ulikuwa unaisha. Jukwaani watoto wa ngoma walikuwa wameanza wimbo wa mwisho, na wakishuka tu masufuria hufunikwa.

"Mungu wangu," alikuwa anasema kila hatua. "Mungu wangu, leo tu." Nawe usiniambie hujawahi kuomba hivyo.

Sufuria la mwisho lilikuwa pembeni kabisa, chini ya ukuta. Mwanamke mwembamba alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameligeuzia jukwaa mgongo. Védastine akachota.

Uchachu ulikuja kwanza. Kisha moshi. Kisha majani, laini, na sambaza kwa mbali.

 Védastine alikaa chini vumbini na kitenge chake kizuri.

"Iko mubaya?" mwanamke aliuliza.

"Unatia kinyomoro."

"Bantu banacheka. Mi napika tu hivi." Jina lake lilikuwa Mukandori, na alikuwa ametembea kutoka Rwimbogo tangu alfajiri. "Nilikuwa na mutoto, Isimbi. Alikuwa anaipenda hivi. Nilimupoteza pale kwa daraja. Sasa kila fasi kuko fête kama hii nakuja napika. Labda siku moja ataonja."

"Na mbona hauangalie batoto banacheza?"

"Siwezi. Nikiona batoto ba benyewe, naanza kuhesabu miaka yake. Machozi inaanguka mu chakula ya bantu." Alicheka kidogo, kwa aibu. "Na weye, Maman? Ulipoteza mutoto?"

Védastine alitazama jukwaani, juu ya bega la yule mwanamke. 

"Hapana," alisema. "Bado."

Ngoma zilikuwa juu, Mukandori hakusikia vizuri. Aliinama kumwomba arudie, lakini mwenzake alikuwa ameshanyanyuka. Hakuaga, hakujikung'uta vumbi, hakupangusa kijiko. Alikata uwanja mzima nusu anakimbia.

Watoto walikuwa wanashuka. Wa mwisho, msichana wa miaka kumi mwenye njuga miguuni, alimrukia kiunoni huku anahema.

"Maman Védastine, ulionja zote? Kweli zote?"

"Zote, Isimbi." Védastine alimkumbatia kwa nguvu, akamgeuza uso kuelekea barabarani. "Mama yako hakuja."

 Msichana akachukua kijiko chake, bado kina sombe, kutoka mkononi mwa Védastine na, kama alivyozoea tangu udogoni, akakilamba.