Waliopotea Kabla ya Elfu Mbili

Kompyuta kuukuu ya ofisi yetu ya kutafuta watu waliopotea, hapa mjini Oran, iligoma kupokea jina jipya. Ilikuwa imejaa.

"Futa wote waliopotea kabla ya mwaka elfu mbili," mkuu aliniamuru. "Hao walishakufa."

"Mama zao wako nje kwenye foleni, mkuu."

"Unawafuta, au nikufute wewe kazi?"

Zoulikha, aliyekuja kila Jumanne kumwulizia mwanawe, alisikia yote. Aliingia bila kubisha hodi, akabandika kiganja chenye hina iliyochujuka juu ya kibodi.

"Mguse mwanangu uone!"

"Toa mkono, kizee wewe," mkuu alifoka, akaanza kumbandua vidole kimoja kimoja kutoka kwenye kibodi.

Niliinuka, nikaufungua mlango wazi.

"Mama zangu," niliita, "ingieni nyote!"