Achari Juu ya Kifuniko cha Gurudumu

Kila asubuhi, kabla vumbi jekundu la Voi halijaamka, Saadiya alipitisha kitambaa chenye maji juu ya vipande vya gari vilivyoning'inia bandani. Asubuhi hiyo hakufika mbali. Alikuwa bado kwenye grili aliposikia sauti mlangoni, na kitambaa kikamponyoka.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Bwanaheri, karani wa stesheni ya reli. Alikuwa amekibeba kile kifuniko cha gurudumu kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka futari kwa jirani. Juu yake palikuwa na halwa iliyofungwa kwa karatasi.

"Usiniambie kimeharibika tena," Saadiya alisema.

"Basi sikuambii."

Aliinua halwa. Chini yake, katikati ya alumini, palikuwa na doa pana kama kiganja.

"Achari?"

"Ya ndimu," Bwanaheri alikiri. "Lakini ilikuwa nzuri, wallahi. Sikubakisha kitu."

Kifuniko kilikuwa cha Pijo kuukuu ya ami yake Bwanaheri, mzee aliyetaka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Mafundi wengine mjini waliisugua alumini mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Saadiya, aliyesomea kazi hiyo chuoni Mombasa, alijua kwamba magari yale hayakuwahi kung'aa hivyo. Weupe wa asili wa alumini yake ulikuwa umepoa, kama mwezi nyuma ya wingu jembamba. Ili kuurudisha, alikivua kifuniko ngozi yake ya zamani, ule utando wa juu, kwa dawa, akakipiga msasa laini kwa kufuata mzunguko wake, kisha akakizamisha kwenye beseni la asidi ya betri na kukipitishia umeme mpaka ngozi mpya ikaota.

Kila alipomaliza, kazi iliharibikia jikoni. Heshima ilitaka mgeni wa kiume akabidhiwe vitu vyake na mama mwenye nyumba. Naye mama, Bi Mwanabibi, alipokiona kitu cha duara chenye ukingo, alikichukulia kuwa ni sinia. Na chombo cha mtu hakirudi tupu. Alikijaza achari, akamkabidhi kijana, akamwombea dua.

Bwanaheri naye alikuwa amelelewa vizuri. Hangeweza kukataa chakula cha mzazi, wala kukirudisha chombo bila kitu juu yake.

"Ungemwambia si sinia," Saadiya alisema, macho yakiwa kwenye halwa.

"Mimi? Nimwambie mama mtu mzima kwamba haoni? Mwambie wewe, ndiwe mwanawe."

"Basi ungeimimina kwenye bakuli."

"Niliimimina nilipofika nyumbani."

"Ulikuwa umechelewa. Ndimu na chumvi hula alumini. Mama mwenyewe ndiye aliyenifunza nikiwa mdogo: achari haikai kwenye sufuria."

Bwanaheri alicheka, kisha akaacha.

"Ami amekasirika, Saadiya. Amesema kikipata doa tena, anapeleka kila kitu Mombasa. Hiki, grili, na mikanda ya milango."

Saadiya alikipokea kifuniko. Kijana haingii nyumba yenye msichana bila sababu, na sababu yenyewe ndiyo hiyo aliyokuwa ameishika. Kikiwa safi, kulikuwa bado na grili, mikanda, ukingo wa taa: hodi nyingi. Kikiharibika, hapana hodi tena. Kulikuwa na jambo alilotaka kumwambia. Lilifika mpaka kwenye meno.

"Njoo Ijumaa baada ya swala," alisema badala yake.

"Nitakuja," alisema Bwanaheri, ambaye naye alionekana kama mtu mwenye kitu mdomoni. Alisahau hata kuaga.

Siku zilizofuata Saadiya alifanya kazi kama anayemwogesha mtoto mchanga. Jioni aliketi barazani na mama yake, aliyekuwa akidarizi kofia, kitundu baada ya kitundu. Hakuwahi kusema ni ya nani.

"Hebu nitungie uzi, mwanangu," mama alisema. "Macho yangu yamekwisha."

Saadiya alitunga uzi. Alitaka kusema habari za sinia, lakini alimwonea mama huruma. Nani anapenda kuambiwa amekuwa akimlisha mgeni kwenye gurudumu?

Ijumaa kifuniko kilitoka kimepoa, cheupe, hakina hata alama. Saadiya alijiapiza kutokiacha kifike jikoni. Lakini Bwanaheri alipobisha hodi, yeye alikuwa chumbani akifunga mtandio mara ya tatu, na alipotoka mbio, mama alikuwa ameshakishika kifuniko kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukielekea rafuni palipokuwa na chupa ya achari.

"Mama!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mama, hilo si sinia! Ni kifuniko cha gurudumu!"

Bwanaheri aligeuka kutazama ukuta, kwa adabu.

Mkono wa Bi Mwanabibi ulipita chupa, ukaishika kofia. Aliketi, akaokota uzi mpya, akaupitisha kwenye tundu la sindano mara moja tu, akashona kitundu cha mwisho na kukata uzi kwa meno. Kisha akaiweka kofia katikati ya kifuniko, akampa Bwanaheri.

"Gurudumu nalijua, mwanangu," alisema. "Nimewangoja mseme wenyewe mpaka ndimu zimekwisha mtini. Haya, Bwanaheri, kofia ni yako. Chombo mpelekee ami yako, umwambie akirudishe mwenyewe, na juu yake aweke posa."